Pakiti Mbili za Maziwa ya Naserian

Naitwa Wambui, ila kazini na kanisani wote wananiita Mama Tito. Watu wengi waliosikia habari za kifua changu wameniomba nisimulie. Nikisimulia kwa mdomo huwa naruka sehemu zinazoniaibisha, kwa hivyo nimeamua kuandika. Nawaandikia hasa ninyi mnaofanya kazi penye vumbi: wa mashine za unga, wa kukata mawe, wa mbao, wa kuchambua pamba za magodoro. Nawaandikia pia ninyi mlioajiri watu watano au sita, mnaodhani kupima afya ya wafanyakazi ni mambo ya viwanda vikubwa.

Kabla ya kuugua nilikuwa na kifua cha kujivunia. Nilikulia Kimana kwenye mashamba ya vitunguu, nikibeba ndoo ya maji kichwani huku naimba. Nilipoolewa Kitengela nikaingia kwaya, sauti ya kwanza. Kulikuwa na wimbo mmoja uliokuwa na mstari mrefu mwishoni, na mwalimu wa kwaya alinipa mimi peke yangu, kwa sababu niliuvuta mpaka mwisho bila kukata pumzi. Mume wangu, Baba Tito, ambaye ni fundi wa kuzungushia ploti waya kule Kisaju, alikuwa akiwaambia wenzake, "Huyu mwanamke akianza kunigombeza hasimami hata kuvuta hewa." Walicheka, nami nilifurahi.

Nilipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo, kando ya barabara ya Namanga. Tulikuwa watu sita chini ya paa la mabati. Mwenye biashara tulimwita Mama Shiro. Kazi yangu ilikuwa kufungua magunia ya pumba za ngano, soya, chokaa na samaki wadogo wa omena waliosagwa, kuyamimina kwenye mdomo wa mashine ya kuchanganya, kisha kushona magunia yaliyojaa. Vumbi lilipanda mpaka kwenye mabati, likashuka taratibu na kutufunika nyusi. Tulijifunga leso puani. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nilipewa pia daftari la kuandika tumechanganya nini na magunia mangapi.

Kila siku saa kumi Mama Shiro aligawa maziwa, pakiti moja kwa kila mtu. Mliofanya kazi za vumbi mnaijua desturi hiyo. Tunaambiwa maziwa yanaosha kifua. Mama Shiro aliishika kama sala. Siku ambazo umeme ulipotea na hatukusaga hata gunia moja, maziwa bado yalikuja. Tuliyanywa tukisikia yakishuka, tukaamini kesho tutaanza na kifua kisafi.

Mwaka wa pili wa kazi yangu aliletwa Naserian. Ni Mmasai wa upande wa Isinya, mrefu, mpole, hacheki ovyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kushona gunia. Mimi ndiye niliyemwonyesha msumari wa kutundika leso yake. Asubuhi alinisalimu "Takwenya," nami nilijifunza kumjibu "Iko," na kwa miezi michache tulikuwa marafiki.

Kisha Naserian akaanza kupendelewa.

Kwanza alipewa kushona karibu na mlango, penye upepo. Halafu akanunuliwa barakoa nzito yenye vichujio viwili pembeni, sisi wengine tukabaki na leso. Halafu, na hili ndilo lililonichoma kabisa, akaanza kupewa pakiti mbili za maziwa. Mbili! Mtu ambaye kwao kuna ng'ombe, anakuja kazini na chupa ya maziwa ya nyumbani, bado anapewa pakiti mbili, na mimi niliyetangulia napewa moja.

Mimi ni mtu wa kuandika. Kitu nikikiona, sitatulia mpaka kiwe kwenye karatasi na siku yake. Daftari la kiwanda nililigeuza, nikaanza kuandika kutoka ukurasa wa nyuma. Nanukuu kama lilivyo, maana bado ninalo:

"Jumatatu. N. pakiti mbili. Mimi moja. Nimekohoa tangu saa nane."

"Jumatano. N. amewekwa mlangoni. Mimi niko kwenye mdomo wa mashine. Kifua kimebana nikitembea kwenda nyumbani."

"Ijumaa. N. na barakoa mpya. Nimetema makohozi ya rangi ya pumba. Sijalala vizuri."

"Jumapili. Niko sawa. Nimeimba vizuri. N. hayuko mbele ya macho yangu, labda ndiyo sababu."

Someni tena mstari huo wa mwisho, kwa sababu ndani yake kuna kosa lililokaribia kuniua. Niliona kwamba nikiwa kazini kifua kinabana, na nikiwa nyumbani kinafunguka. Niliona sawasawa. Lakini kazini kulikuwa na vitu viwili, vumbi na Naserian, nami nikachagua Naserian. Niliamini ni wivu unaonibana. Mnajua wivu unavyokaa hapa, chini ya koo, kama donge la ugali lisiloshuka? Nilidhani ni lile donge.

Kwa hiyo sikumwambia mtu kwamba nakohoa. Ningeanzaje? Kusema "kifua kinanibana" ilikuwa kama kusema "ninamwonea wivu Naserian." Nilimwambia Baba Tito peke yake, siku nilipokohoa mpaka mkojo ukanitoka nikiwa nimesimama jikoni.

"Ni huyo Naserian," nikamwambia. "Nikimwona tu, hewa inakwama."

Akaniangalia. "Basi si uache kumwangalia?"

"Nitaacha aje na yuko mlangoni? Kila mtu anapita hapo!"

"Haiya. Basi toka kwa dirisha."

Hiyo ndiyo dawa niliyoipata nyumbani kwangu.

Sasa ikaja siku ya kupimwa. Mteja mmoja mkubwa, mwenye shamba la kuku, alikuwa amemwambia Mama Shiro kwamba hatanunua tena mpaka aone vyeti vya afya vya wafanyakazi, maana sheria inataka. Mama Shiro akatukusanya kando ya mizani.

"Ijumaa ijayo daktari anakuja kuwapima, kila mtu," akasema. "Na mwezi ujao nataka mtu wa kukaa stoo."

Aliyasema hayo mawili kwa pumzi moja, nami nikayashona pamoja kama mdomo wa gunia. Nikasema moyoni: atakayepimwa akaonekana mzima kuliko wote ndiye atakayepewa stoo. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikawaambia wenzangu, nao waliporudi kuniambia nikaona ni habari iliyothibitishwa.

Stoo kilikuwa chumba cha pembeni chenye dirisha, meza na kiti. Vumbi halikufika. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha mbao. Na sikutaka tu nikipate. Nilitaka Naserian anione nikiwa nimekikalia.

Nikafungua daftari langu nyuma, nikasoma. Kwa hesabu yangu, nikikaa mbali na Naserian siku nne, kifua kinafunguka. Nikaomba ruhusa kwenda kumwona mama yangu Kimana. Nilikaa huko Jumatatu hadi Alhamisi, nikipumua hewa ya mifereji, nikila na kulala. Siku ya tatu nilipanda na kushuka shambani nikiimba. Ijumaa asubuhi nilirudi nikaingia moja kwa moja kwenye foleni ya kupimwa, bila kugusa hata gunia.

Daktari alikuwa msichana mwembamba mwenye sanduku la vifaa. Alipima presha, akapima masikio, kisha akatoa mrija wa kupuliza uliounganishwa na mashine ndogo. Naserian alikuwa mbele yangu. Nilimsikia akijibu maswali kwa sauti ya chini, "Daktari, usiku silali. Nakaa tu kwa kitanda, naegemea ukuta." Nikamwona mjinga. Mtu anatakaje stoo na anasema hivyo?

Akapuliza. Katikati akashikwa na kikohozi, akashindwa kumaliza. Akajaribu tena, akashindwa tena. Macho yakamtoka machozi. Mutiso, mwenzetu wa kubeba, akapiga kelele, "Puliza dada! Hiyo ni kama kuwasha jiko!" Wengine wakacheka.

Zamu yangu ikafika.

"Unakohoa?" daktari akaniuliza.

"Hapana."

"Kifua kinabana ukiwa kazini?"

"Hapana."

"Siku za mapumziko unajisikia nafuu kuliko siku za kazi?"

Swali lilikuwa kama ameshika daftari langu. "Mimi niko nafuu kila siku," nikasema.

"Haya. Vuta hewa, vuta, vuta, sasa puliza! Puliza, puliza, puliza, usiache!"

Nilipuliza ule mstari wa kwaya. Daktari aliangalia mashine, akatabasamu. "Hii ni pumzi ya mwimbaji." Wenzangu wakanipigia makofi. Mimi sikumwangalia daktari. Nilimwangalia Naserian.

Wiki iliyofuata Naserian alipelekwa hospitali Kajiado, akarudi na inhela mbili, zile chupa ndogo za dawa ya kuvuta kwa mdomo. Mama Shiro akatukusanya tena.

"Naserian ataenda stoo," akasema. "Daktari ameandika asikae kwa vumbi tena."

Nilihisi masikio yanapata moto. "Na mimi je?" nikauliza mbele ya watu.

Akanipiga begani kwa upendo. "Wewe Mama Tito uko na mapafu ya simba. Wewe endelea na mashine. Na ile sehemu ya Naserian, si utashika pia?"

Nilimshinda Naserian kupuliza, akapata kiti, nami nikapata kazi yake juu ya yangu. Sijawahi kuumwa na wivu kama mwezi ule. Niliandika mpaka kurasa za nyuma zikakaribia kukutana na za mbele. Niliandika kwamba ana dirisha. Niliandika kwamba ameletewa thermosi. Niliandika kwamba amenenepa mashavu, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwa kuwa alikuwa analala sasa. Na chini ya kila mstari kuhusu Naserian kulikuwa na mstari mfupi kuhusu mimi: nimekohoa, nimeshindwa kupanda ngazi za kanisa, kifua kinapiga mluzi, mbavu zinauma nikicheka.

Mstari wangu wa kwaya ukapewa mwanamke mwingine. Mwalimu alinivuta kando akasema nipumzike sauti. Nilienda kliniki mara tatu. Kila mara niliulizwa kama nina pumu, na kila mara nilitoa cheti changu kwenye mkoba kama kitambulisho. "Nimepimwa juzi tu. Niko na pumzi ya mwimbaji." Wakanipa dawa za nimonia. Nilizimeza zote, nikarudi kwenye mdomo wa mashine.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa hivi. Tulikuwa tumechanganya omena na pumba tangu asubuhi. Nilikwenda dirishani kwa Naserian kumpa daftari, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyehesabu magunia. Kutoka mashine hadi stoo ni hatua kama thelathini. Nilisimama mara mbili.

Akanitazama. "Mama Tito, mdomo yako iko rangi gani hii?"

"Shughulika na kiti chako," nikamwambia, au nilikusudia kumwambia. Nadhani alisikia "kiti" tu. Nilitupa daftari mezani, nikageuka ili nisimpe nafasi ya kunihurumia, na hewa ikaisha.

Sijui nieleze vipi. Mnadhani mtu mwenye pumu anashindwa kuvuta hewa ndani. Mimi nilishindwa kuitoa. Kifua kilijaa mpaka mwisho kama gunia lililoshindiliwa, hakuna pa kuongeza, na hakuna kinachotoka. Shingo ilivutika. Nilisikia mluzi, halafu mluzi nao ukanyamaza. Kucha zangu zilikuwa za rangi ya bluu. Nilianguka kwenye saruji nikaona viatu vya Naserian vinakuja.

Aliniinua nikakaa, akaniegemeza kifuani mwake, akanitia inhela yake mdomoni. "Vuta! Wambui, vuta! Mimi unichukie baadaye, sasa vuta!"

Nilivuta. Dawa ilikuwa baridi na chungu kidogo. Na nitawaambia ukweli wa aibu: nikiwa pale, nusu mfu, wazo langu la kwanza lilikuwa, kumbe ndicho alichokuwa nacho peke yake siku zote hizi.

Kliniki ya karibu walinipa hewa ya mtungi, kisha gari la wagonjwa likanipeleka Kajiado. Nilivaa barakoa ya mvuke wa dawa, nikachomwa sindano, mikono ikatetemeka kwa dawa hadi nikamwaga uji. Siku mbili nilikaa nimeinama mbele juu ya mto, kwa sababu nikilala chali nilizama. Siku ya tatu niliweza kusema sentensi nzima.

Daktari wa wodi alikuwa mzee mwenye sauti ya taratibu. Alishika cheti changu.

"Hapa inasema wewe ni mzima kabisa. Hii imeanza lini?"

"Wiki iliyopita," nikasema.

Baba Tito, aliyekuwa kwenye benchi, akaanza kutazama dirisha.

"Mama, kifua hakiharibiki hivi kwa wiki moja," daktari akasema. "Kama ni kazi inayokufanyia hivi, nikikutibu na kukurudisha hapo, utaletwa tena. Siku hiyo huenda usifike. Lakini siwezi kuandika ni kazi kwa kubahatisha. Nahitaji kujua siku ulizokohoa na siku ulizopata nafuu. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilijua mahali hasa yalipoandikwa, na nilijua kuna nini kingine kwenye kurasa hizo. Nikasema, "Sikumbuki."

Mchana huo Naserian aliingia wodini. Alikuwa na mfuko wa karatasi. Akatoa chupa ya maziwa ya nyumbani, akaiweka kwenye kabati. Kisha akatoa daftari.

Nilifunga macho. Nikasikia kiti kinavutwa.

"Uliliacha kwa meza yangu," akasema. "Nilifungua niandike magunia. Halafu nikakumbuka wewe ni mtu wa kuandika kila kitu, nikafikiria labda umeandika ugonjwa, nisaidie daktari. Nilitafuta kikohozi, nikapata jina langu."

Baba Tito akainuka. "Wacha niangalie kama kuna chai," akasema, akatoka haraka.

"Naserian," nikaanza.

"Ngoja. Hiyo pakiti ya pili." Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya utulivu, ambayo ni mbaya zaidi. "Mama Shiro alinisikia nakohoa choo mpaka natapika. Akaniambia, kifua yako iko chafu sana, kunywa mbili. Mlangoni aliniweka siku nilizimia. Wewe ulikuwa umeenda kanisani mazoezi. Hiyo barakoa alininunulia akidhani niko na TB, alikuwa anaogopa niwaambukize. Kila kitu umeandika hapa nimepewa, nilipewa juu ya kukohoa. Ulikuwa unataka nini, Mama Tito? Kikohozi?"

Jibu lilikuwa ndiyo.

"Na mimi nikwambie," akaendelea, sauti ikashuka. "Siku ulipuliza hiyo mashine, wakakupigia makofi, mimi nilienda nyuma ya mabati nikalia. Nilikuonea wivu hadi nikachoka. Nikasema, huyu tunakula vumbi moja na yeye Mungu amempa kifua ya chuma."

"Nilikuwa nimetoka Kimana," nikasema. "Nilikuwa nimekaa siku nne bila kazi. Nilidanganya."

Alinitazama. Kisha mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, huyu mtu asiyecheka ovyo. "Wewe uliibia mashine ya kupuliza?"

"Niliiibia."

"Mungu wako Ngai anakuona." Akacheka, nami nikacheka, nikakohoa, muuguzi akaja kutugombeza.

Naserian mwenyewe ndiye aliyempa daktari daftari. Mzee alivaa miwani, akasoma ukurasa baada ya ukurasa akiwa amesimama.

"N. ni nani?"

"Ni mimi," Naserian akasema.

Akasoma zaidi. Akavua miwani. "Mama, hapa umeandika miezi minane ya pumu, siku kwa siku. Umeiita Naserian tu." Akanirudishia. "Ukiondoa jina lake, wagonjwa wangu wachache wananiletea historia safi kama hii."

Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Alinipa kifaa kidogo cha plastiki cha kupuliza, chenye mshale unaopanda kwenye namba. Kwa majuma kadhaa nilipuliza asubuhi, mchana na jioni nikaandika: majuma mawili nikiwa nyumbani, kisha siku chache nikiwa kiwandani, nimekaa uani mbali na mashine na inhela mkononi, kisha nyumbani tena. Nyumbani mshale ulipanda. Kiwandani ulishuka kila jioni. Na iliangukia kwamba zile siku za kiwandani Naserian alikuwa Entarara kwenye harusi ya binamu yake. Hakuwepo kabisa. Namba zilishuka vilevile. Niliangalia kile kiti kitupu cha stoo na mshale wangu ulioshuka, nikajua nimemsingizia mtu kwa miezi minane.

Daktari akaandika: pumu iliyoletwa na vumbi la kazi. Nilimpelekea Mama Shiro barua hiyo kwa mkono wangu, nikamweleza pia nilivyodanganya kwenye kipimo. Aliisoma mara mbili.

"Lakini nilikuwa nawapa maziwa," akasema. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa amelisha watoto sumu. "Kila siku. Hata umeme ikipotea."

"Daktari anasema maziwa yanaingia tumboni," nikamwambia. "Kifuani hayafiki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alikaa juu ya gunia akajifunika uso. Siwezi kumlaumu kuliko ninavyojilaumu. Alifanya alichofundishwa, na alikifanya kwa uaminifu. Yule daktari msichana aliitwa tena, akatembea kiwandani akionyesha kwa kidole: hapa vumbi linatokea, hapa linapita, hapa mtu anasimama kulipokea. Mama Shiro akamwita fundi, mdomo wa mashine ukawekewa kifuniko, na ukuta ukatobolewa, ikawekwa feni kubwa ya kuvuta vumbi nje. Kila mtu akapata barakoa yenye vichujio. Kisha akatangaza kwamba maziwa yamekoma.

Hapo ndipo watu walipogoma. Mutiso alikaa chini mlangoni. "Bila maziwa hakuna gunia inaingia! Mnatuletea feni. Hiyo feni tutakunywa?"

Nikaombwa niseme. Nilisimama na inhela mfukoni, nikawaambia nimekunywa maziwa yale kuliko wote, na kama yangeosha kifua, changu kingeng'aa. "Mnataka kujua yako wapi?" Nikajipiga kwenye nyonga kwa mikono miwili. "Yote yako hapa!" Wakacheka mpaka Mutiso akainuka. Bado analalamika saa kumi ikifika, lakini analalamika akiwa na barakoa usoni.

Mimi sasa nauza dukani, ng'ambo ya ua, ambako magunia hufika yakiwa yameshonwa. Navuta dawa asubuhi na jioni. Sijapona kabisa na huenda nisipone kabisa. Mapafu yangu hukumbuka. Mstari wangu wa kwaya naimba kwa pumzi mbili, nikiiba ya pili katikati ambapo piano imepanda. Namshukuru Mungu kwa hizo mbili. Namshukuru daktari mzee, Baba Tito aliyeleta chai siku aliyoogopa, na Mama Shiro aliyekubali kusikia. Namshukuru Naserian, ambaye kiti bado ni chake.

Ninyi mnaopimwa kazini, nawaomba jambo moja. Msiende kupimwa kama mnaoenda kuposa. Nendeni mkiwa mmetoka kazini, na vumbi kwenye nyusi, mkaseme yote: kikohozi, mkojo, usingizi, nafuu ya Jumapili. Na mwenzako akipewa kitu ambacho wewe hukupewa, kabla hujaumia, muulize amepewa kwa sababu gani. Ninyi wenye biashara, kabla ya kutaja kipimo, waambieni watu kwamba kusema ukweli hakutawatoa kazini. Mama Shiro angetuambia hivyo kando ya mizani, pengine ningesema.

Mwaka huu tulipimwa tena. Nilimwomba Mama Shiro iwe Ijumaa jioni, mwisho wa juma, si asubuhi, naye akakubali. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilipuliza pumzi yangu yenyewe, iliyochoka. Naserian alinifuata, akapuliza mpaka mwisho bila kukohoa, akageuka kunitazama kama nilivyomtazama siku ile.

"Nimekushinda," akasema.

Nilienda dukani nikafungua daftari jipya, ukurasa wa mbele: "Ijumaa jioni. Naserian amenipita. Ana mto mpya kwenye kiti. Wivu upo. Pumzi ipo."